Ghorofa juu ya stesheni, abiria anapata nini?

Wiki iliyopita nilimpeleka mama stesheni hapa Moshi anarudi Dar, magoti yanamsumbua miaka sasa, na pale pa kukanyaga kutoka chini mpaka ndani ya behewa ilibidi tuwe wawili, kijana mmoja abiria anamvuta mkono mimi namshika kiunoni, begi na mkungu wa ndizi bado viko chini. Tulipokuwa tunasubiri treni dada yangu aliyeko London alikuwa ananitumia meseji kuhusu stesheni anayopita kila siku kwenda kazini, Liverpool Street, ambako kuna mpango wa kujenga jengo la ofisi la karibu ghorofa 20 juu ya ile sehemu abiria wanapokusanyika. Yeye anapinga kabisa. Mi nilianza nikiwa upande wake ila nilivyozidi kufuatilia nimejikuta siko huko moja kwa moja.

Kwanza ujue stesheni yenyewe. Ilifunguliwa 1874, na sasa hivi ndo inaongoza kwa abiria Uingereza nzima, kuingia na kutoka ni zaidi ya mara milioni 90 kwa mwaka, hasa tangu reli mpya ya Elizabeth ilipoanza 2022. Dada anasema asubuhi unatembea kwa mwendo wa aliye mbele yako, mwenye mtoto kwenye kigari anasimama pembeni anasubiri watu wapungue. Wenye reli, Network Rail, ambayo ni kampuni ya umma, wanasema tutaongeza lifti, ngazi za umeme na nafasi ya kutembea, na hela itoke kwenye zile ofisi za juu badala ya kumkamua mlipa kodi. Hiyo hoja sio ya kubeza. Serikali yoyote unayoijua ikiambiwa ichague kati ya hospitali na lifti za stesheni, stesheni itasubiri, na kumbe ardhi ya katikati ya jiji iko pale pale inaweza kuzaa hela.

Wanaopinga, wakiwemo Victorian Society na SAVE Britain's Heritage, vyama vya kutetea majengo ya zamani, wanasema jengo litaondoa mwanga unaopita kwenye paa la vioo na litaimeza hoteli ya 1884 iliyo ubavuni. Mpango wa kwanza, wa 2023, ulitaka kupandisha ghorofa mpaka juu ya hoteli yenyewe, pingamizi zikapita 2,000, ndo ukaja huu mwingine wa 2025. Mtu anaweza kusema mwanga ni anasa, mi nakataa. Abiria mgeni anajua njia kwa kuona, ukimuweka chini ya dari fupi lenye taa mchana kutwa anapotea na wenzake wanamgonga.

Mfano mkubwa ni Penn Station ya New York. Jengo la zamani lilianza kuvunjwa 1963, juu yake ukajengwa ukumbi wa Madison Square Garden, abiria wakasukumwa chini kwenye njia nyembamba miaka zaidi ya hamsini, mpaka 2021 walipofungua ukumbi mpya wa Moynihan, wenye mwanga, ng'ambo ya barabara, kwa dola bilioni 1.6. Aliyekula faida ya 1963 sio aliyelipa hiyo bili.

Lakini hapo hapo New York kuna Grand Central. Wenye stesheni walitaka kupandisha mnara wa ghorofa zaidi ya 50 juu yake, jiji likakataa, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na 1978 jiji likashinda. Ila hawakuachwa mikono mitupu, sheria ya jiji iliwaruhusu kuuza zile ghorofa ambazo wangejenga, yaani jirani ananunua haki yako ya kwenda juu anaiweka kwenye kiwanja chake. Na mwaka 2020 jengo la One Vanderbilt lilipofunguliwa pembeni ya stesheni hiyo, mwenye jengo alikuwa ameweka dola milioni 220 kwenye ngazi, njia na ukumbi wa abiria kama sharti la kuruhusiwa kwenda juu vile. Hapo ndo nikabadilika.

Tena hata Liverpool Street yenyewe imeshafanya hivyo. Miaka ya 1980 zilijengwa ofisi za Broadgate pembeni, na jengo la Exchange House la 1990 limekaa juu ya reli kabisa kama daraja, nguzo zake zinatua pembeni na treni zinapita chini. Kwa hiyo kujenga juu ya reli hakuna shida, shida ni kujenga juu ya kichwa cha abiria, manake nguzo lazima zishuke mahali watu wanapita, kazi inafanyika usiku treni zikilala, na inakula miaka. Sisi tulioona lile ghorofa la Kariakoo likiporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na wafanyabiashara wako ndani hatuwezi kuambiwa tusiulize mafundi watafanyaje kazi watu wakiwa humo.

Nasema haya kwa sababu na huku yatakuja. Reli imefika Moshi 1911, mji umeizunguka, na reli ya kisasa ya Tanga-Arusha-Musoma imo kwenye mipango. Siku ikianza kujengwa atatokea mwekezaji na mchoro mzuri, fremu chini, ofisi na hoteli juu, na stesheni katikati. Mi sitampinga kwa sababu ni ghorofa, nitataka kuona kwenye mkataba kwamba pa kupandia treni, lifti na vyoo vinakamilika na vinatumika kabla mpangaji wa kwanza hajapewa funguo za ofisi, kwa sababu hela ikiisha katikati kinachokatwa siku zote ni cha abiria.

Dada nimemjibu hivyo hivyo. Nimemwambia kabla hajaenda kusaini pingamizi akaangalie kwenye ile michoro lifti zinafunguliwa mwaka gani, na ofisi mwaka gani.