Kompyuta Yenye Mtaji wa Kupewa

Zamu ya 31 ya gemu. Mji wangu pekee, Mbanza Kongo, umezingirwa na mikokoteni ya vita ya Gilgamesh, mpinzani anayeendeshwa na kompyuta. Mimi nina askari wawili na mpiga mishale mmoja ambaye yu taabani. Yeye tayari ana miji minne. Saa saba usiku nikazima kompyuta, nikalala na hasira zangu.

Gemu yenyewe ni Civilization VI, ya kujenga dola kwa zamu. Ilitoka mwaka 2016, na ina ngazi nane za ugumu, kuanzia Settler hadi Deity. Nilikuwa nimeruka kutoka King hadi Deity, ngazi tatu kwa mpigo, na sababu ilikuwa moja tu: aibu. Kila ninayepiga naye soga kuhusu gemu hii anadai anacheza Deity.

Baadaye ndipo nikaangalia ngazi hizo zinabadilisha nini hasa. Prince, ngazi ya nne, ndiyo usawa: hakuna anayepewa kitu. Ukishuka chini yake, unabebwa wewe. Ukipanda, inabebwa kompyuta. Kwenye Deity inaanza na walowezi watatu wa kuanzisha miji, wewe una mmoja. Uzalishaji wake una nyongeza ya asilimia 80, na kila askari wake anaingia vitani na alama 4 za ziada. Akili haikuongezeka hata chembe. Ni ileile inayotanguliza mitambo ya kubomolea kuta bila ulinzi, ikamalizwa kwa mishale kabla haijarusha jiwe la pili. Ila kwenye Deity ikipoteza mitatu, mingine iko njiani.

Fundi wa bao akikufunga, amekufunga kwa kete 32, idadi ileile uliyonayo wewe. Unaondoka barazani ukijua umezidiwa maarifa. Ukifungwa na Deity umezidiwa mtaji, na dawa zake ni chache mno: wapiga mishale mapema, mpore jirani, ujenzi wa maajabu ya kale usahau. Wapo wanaolipenda hilo, na sina ugomvi nao. Mimi gemu hii naipendea ujenzi.

Kwa hiyo siku hizi najipima kwenye zamu ya 100. Kama napita zamu bila kuangalia ramani, napanda ngazi. Kama kila mchezo naanza kwa hatua tano zilezile, kwa kuwa nyingine yoyote ni kifo, nashuka. Kipimo hicho kimeniweka Emperor, ngazi moja juu ya King, na hapo nimetulia.

Kasi ya mchezo nayo ni ugumu, japo watu huichagua bila kufikiri. Kasi ya Marathon ina zamu 1,500, ya Online 250. Kwenye Marathon jeshi lako linafika mpakani kabla silaha zake hazijapitwa na wakati, hivyo anayejua kupigana anapata nafuu kubwa. Ukijisifu kwa Immortal, ngazi moja chini ya Deity, niambie na kasi.

Mpwa wangu yeye yuko Settler na hana haya. Juzi nilimkuta anajenga ajabu la kumi na moja, jeshi lake lote mtu mmoja. Nikamwambia, "Panda ngazi, hapo hakuna mpinzani."

"Mjomba," akasema bila kugeuka, "subiri kwanza nimalize Piramidi."