Fomu Iliyomfikia Mkuu Wangu wa Zamani

Juma lililopita, mkuu wa shule niliyofundisha kabla ya kuhamia Pennsylvania, Marekani, alinipigia simu saa tisa usiku, maana kwao Morogoro ilikuwa saa nne asubuhi. Shikamoo yangu aliiitikia harakaharaka, kisha akauliza kwa sauti ya mzazi aliyeitwa kituo cha polisi: "Mwanangu, umefanya nini huko?"

Alikuwa amepokea fomu kutoka kwa mamlaka ya shule inayotaka kuniajiri kuwa mshauri wa wanafunzi. Fomu ilimuuliza iwapo niliwahi kuchunguzwa, kuadhibiwa au kuachishwa kazi kwa tuhuma za kumnyanyasa mtoto. Nilimweleza kwamba sikushitakiwa na mtu yeyote. Ni Sheria namba 168 ya mwaka 2014 ya jimbo hili, inayotaka waajiri wa zamani wa mtu anayeomba kazi ya shule waulizwe maswali hayo, na waajiri wangu wapya hawakuona kwa nini Morogoro isihusike. Mwalimu, ndivyo ninavyomwita mkuu huyo, alicheka, akajaza "hapana" kila mahali, akairudisha siku hiyohiyo. Nilimshukuru, nikazima taa, na usingizi haukuja.

Ndugu zangu walipoona picha yangu nikiwa na joho la shahada ya uzamili ya ushauri, waliuliza mshahara unaanza lini. Hata mimi nilidhani nimemaliza, kumbe huku shahada ni kitu kimoja na cheti cha kuruhusiwa kukaa na mtoto wa mtu chumbani ni kingine. Masomo yenyewe yalikuwa na krediti 60, yakiwa na saa 100 za mazoezi ya awali na saa 600 za mafunzo kazini, ambazo 240 kati yake zilipaswa kuwa za kuwahudumia wanafunzi moja kwa moja. Baada ya hapo ukaja Praxis, mtihani wa wanaotaka cheti cha kufanya kazi shuleni, mafunzo ya saa 3 ya kutambua na kuripoti unyanyasaji wa watoto, na hati tatu za uchunguzi: ya polisi wa jimbo, ya kumbukumbu za unyanyasaji wa watoto, na ya FBI, wapelelezi wa serikali kuu, inayotolewa kwa alama za vidole. Alama zangu zilikataliwa mara mbili. Miaka ya kuosha vyombo na kunawa dawa katika nyumba ya kutunzia wazee ilikuwa imezifuta, na nilisimama mbele ya mashine ile nikilalamika kwa Kiswahili kwamba nchi hii imenila vidole, na sasa inanidai vidole vilevile.

Linganisheni na nilivyopewa kazi hiyohiyo nyumbani. Tulikuwa kwenye kikao cha walimu, ajenda ya mwisho, watu wakiwa wameshafunga madaftari, mkuu akatazama huku na huku, akasema, "Madam, wewe una huruma, chukua malezi na unasihi." Ilichukua dakika moja. Vipindi vyangu havikupunguzwa hata kimoja. Ofisi ya unasihi ilikuwa kona ya chumba cha walimu, ambapo mwanafunzi alieleza ya moyoni mwake huku wenzangu watano wakisahihisha na kusikiliza.

Fimbo yangu nayo haikuchukuliwa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyeruhusiwa kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Ninyi mliosoma Tanzania mnajua kitabu hicho kilikaa wapi. Binti mmoja wa kidato cha pili alinifuata siku ya Jumatatu, akasita, akasema ana jambo lakini atarudi. Nikamwambia karibu wakati wowote. Alhamisi darasa lake lilifeli jaribio langu, nikawachapa wote kama tulivyozoea, na ilipofika zamu yake alinyoosha mkono huku akinitazama usoni. Hakurudi tena, na jambo lake sikulijua mpaka leo. Mkuu wangu aliponijazia "hapana" alisema kweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kunichunguza.

Najua mtakayosema. Mtasema nimeshakuwa Mzungu, na kwamba ninyi mlichapwa mkawa watu. Mimi pia nilichapwa, nami sijasema sikuwa mtu. Wala sisemi huku ni peponi: Pennsylvania yenyewe ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2005, miaka minne baada ya majirani zetu wa Kenya, na majimbo ya Mississippi, Alabama na Texas sheria zao bado zinaviruhusu. Mwingine ataniambia Mwafrika hahitaji cheti ili kusikiliza mtoto, kwamba tulikuwa na bibi, shangazi na somo, yule mama anayemfunda mwari. Huyo namkubalia, ila akumbuke kwamba ukikimbia fimbo ya baba ulikimbilia kwa bibi. Mila zetu ziliweka fimbo na sikio katika nyumba mbili tofauti, na ni shule iliyovikabidhi vyote viwili kwa mtu mmoja.

Yapo ya huku yanayonichosha. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, na shule nyingi zinapita hapo. Katika mafunzo yangu, siku nzima zilikwenda kwenye kupanga ratiba na kuhesabu karatasi za mitihani, huku mtoto akisubiri mlangoni. Lakini hakuna aliyewahi kunituma nimwadhibu, kwa kuwa chama hichohicho kinahesabu kutoa adhabu kuwa kazi isiyomfaa mshauri.

Mwalimu amenipigia tena, safari hii saa za watu wa huku. Malezi na unasihi sasa ni ya mwalimu wa hesabu, kijana mwenye vipindi vya kutosha kumuua, na Mwalimu ananiomba nimtumie kijana huyo maelezo niliyojifunzia. Nimeanza kuyatafsiri jioni, nikitoka kazini. Nimefika kwenye sentensi isemayo mshauri asishiriki kutoa adhabu, na nimekwama hapo kwa siku tatu. Kiswahili chake ni chepesi kabisa, ila kila nikiiandika namwona Mwalimu akivua miwani na kuniuliza, "Sasa darasa lake la hesabu atalichapa nani?"