Kituo cha Mabasi cha Preston Kiendelee Kubaki na Abiria Wake

Mji wa Preston, kaskazini magharibi mwa Uingereza, una kituo cha mabasi ambacho halmashauri yake iliamua kukibomoa Desemba 2012, lakini Septemba iliyofuata kikaingizwa katika orodha ya majengo ya urithi yanayolindwa kisheria, katika kiwango kiitwacho Daraja la II. Uamuzi huo wa pili ndio ninaoutetea, na sababu yangu kubwa ni abiria.

Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1969, kikiwa na milango 80 ya kupandia mabasi ya ghorofa, 40 kila upande, na juu yake maegesho ya magari yapatayo 1,100. Wengi hutazama kingo za ghorofa hizo za maegesho, za zege tupu zilizopinda, safu juu ya safu, wakadhani ni mapambo. Kumbe mpindo ule huzuia bampa la gari lisigonge ukuta, na ghorofa ya chini ya maegesho imetokeza nje ili basi liingie chini yake, abiria apande bila kulowa. Milango yenyewe ilitengenezwa kwa mti wa iroko, ambao sisi tunauita mvule. Anayeujua mvule, ubao wake mzito usioogopa maji wala mchwa, ataelewa mara moja jinsi mpanda basi alivyothaminiwa na waliojenga pale.

Ukarabati uliosanifiwa na John Puttick ulikamilika mwaka 2018. Mabasi yote yalihamishiwa upande wa mashariki, na upande wa magharibi ukawa uwanja wa wazi wa watu. Wapo wanaolalamika kwamba nusu ya kituo imepotea. Mimi siafikiani nao, kwa sababu zamani jengo lilizungukwa na mabasi pande zote, na mwenda kwa miguu alilazimika kupita njia za chini ya ardhi ili alifikie. Sasa anaingia akitokea mjini moja kwa moja. Tena tusisahau kwamba kituo kingeweza kupotea chote: Maktaba Kuu ya jiji la Birmingham, hukohuko Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1974 kwa zege la namna hiyohiyo, haikupata ulinzi wa orodha hiyo, na ilipofika 2016 ilikuwa imekwisha kubomolewa.

Siku magari yakipungua mjini, ghorofa za juu na zipewe kazi nyingine, hata kama ni karakana au makazi. Ila pale chini, kwenye milango ya mvule, naomba pasiondolewe anayesubiri basi.