Tohara Tabora: kinga ya mume, na mke je?

Baridi ya Juni ikiingia Urambo utawaona: vijana wa umri wa kuoa wanatembea miguu mipana, wamejifunga khanga, mkono mmoja umeivuta kwa mbele isiguse kidonda. Kwa Wanyamwezi wengi tohara haikuwa mila. Ilishika zaidi Tabora mjini na Ujiji, pamoja na Uislamu. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza mwaka 2007 kupunguza VVU, Tabora ikawa miongoni mwa mikoa iliyoletewa tohara ya kitabibu bure.

Inakinga kweli? Majaribio matatu, ya Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, yalionyesha maambukizi kwa wanaume waliotahiriwa yakipungua kwa takriban asilimia 60. Ngozi ya ndani ya govi ni laini, na ina seli nyingi ambazo virusi huzivamia kwa urahisi. Wanaopinga huuliza: mbona Ulaya wengi hawatahiri na maambukizi yako chini? Swali ni la haki, ila nchi hutofautiana kwa mengi: matibabu, kipato, mienendo. Majaribio yale yaliwalinganisha wanaume wa eneo moja, waliogawanywa kwa kura. Mimi nayaamini.

Ninapotofautiana na wahamasishaji ni hapa: asilimia 60 ikifika kijiweni inageuka "mimi nimeshajikinga", na kondomu inawekwa pembeni. Kinga hiyo ni ya mwanaume anayelala na mwanamke mwenye virusi. Mke hanunuliwi usalama kwa kisu hicho. Rakai walipowafuatilia wanaume wenye VVU waliotahiriwa, wake zao hawakupata nafuu, na kulikuwa na dalili kwamba waliorudia tendo kabla kidonda hakijafunga waliwaweka wake zao hatarini zaidi. Faida ya mke ipo kwingine: virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi hupungua.

Kwa hiyo zile wiki sita za kusubiri kidonda kipone kabla ya kurudia tendo ndizo kiini cha jambo zima. Mwanaume anaelezwa peke yake, anarudi nyumbani, na mke ndiye anayebaki kumkatalia bila kujua sababu. Aitwe naye kwenye ushauri. Bila hivyo tunamtwisha mzigo asioufahamu.

Kuhusu raha ya ndoa, wengi wa wanaume waliohojiwa Kisumu na Rakai hawakuona imepungua. Wapo wanaosema ngozi iliyokatwa hairudi, na ni kweli. Mtu mzima apime mwenyewe.

Kwa watoto ndipo napata ugumu. Tangu 2020 Shirika la Afya limeelekeza nguvu kwa wenye miaka 15 na kuendelea, kwa sababu baadhi ya wavulana wadogo waliumia, na pia ili mhusika aweze kuridhia mwenyewe. Mzazi Mwislamu wa Ujiji hawezi kungoja hadi hapo, na simlaumu, ni dini yake. Lakini kijana wa Nzega anayekimbilia kisu kwa kuchoka kuitwa "mkono wa sweta" hajaridhia, amefukuzwa na matusi. Na anayempeleka mtoto mchanga aangalie kwanza tundu la mkojo liko wapi. Likiwa chini ya uume badala ya nchani, asikatwe. Ampeleke kwa daktari, kwani govi hilo ndilo litakalotumika kumrekebisha.