Ligi za kiangazi za kikapu Marekani: kuonekana si tatizo tena

Kiangazi cha 2016, mjini Spartanburg, South Carolina, kocha msaidizi wa Chuo Kikuu cha Murray State, James Kane, alikwenda kwenye mashindano ya maonyesho kumtazama kijana aitwaye Tevin Brown. Njaa ikamuuma, akatoka kutafuta kitu cha kutafuna. Huko nje akasikia mpira unadunda katika ukumbi mdogo wa pembeni, akachungulia. Vijana walikuwa wanacheza watatu kwa watatu, na mmoja wao, mwembamba, ambaye vyuo vikubwa havikuwa na habari naye, alikuwa anawazidi wenzake kwa kila kitu. Huyo ndiye Ja Morant. Mwaka 2019 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti ya NBA, yaani zamu ambayo timu za ligi ya kulipwa huchagua wachezaji wapya.

Kisa hiki ndicho kinachotajwa kila mtu anapotetea ligi za maonyesho, zile za Juni na Julai ambamo vijana wa sekondari hucheza mbele ya makocha wa vyuo wakisaka ufadhili wa masomo. Mlete mtoto, ataonekana. Mimi kila nikikisikia mawazo yangu hubaki kwenye ule ukumbi wa pembeni. Waandaaji hawakumweka Morant pale makocha walipokaa, walimweka nyuma. Bila mashindano yale Murray State wasingempata, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mashindano yenyewe yalishindwa kumtambua, na kama kocha angekuwa ameshiba siku ile, pengine tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Familia nyingi za Wakongomani zilizopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma sasa zina watoto katika sekondari za Kentucky, Texas, Arizona na kwingineko, na mtoto akionekana ana kipaji tu, mtu fulani atabisha hodi na fomu ya kujiandikisha. Ndoto ina mifano hai. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akasoma sekondari Houston, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis haohao. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alitajwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2022. Jonathan Kuminga wa Goma alichaguliwa wa saba mwaka 2021. Mzazi anayesikia majina hayo ni vigumu kumwambia asitoe ada.

Nianze na wanaozitetea ligi hizi, maana hoja zao si za kupuuzwa. Kambi ya kikapu ya Five-Star, iliyoanzishwa mwaka 1966 na Howard Garfinkel na Will Klein, ilifanya kazi ambayo hakuna shule moja ingeweza kuifanya. Kiangazi cha 1980 alifika pale kijana kutoka Wilmington ambaye makocha wengi nje ya North Carolina hawakuwa wakimjua. Wiki ilipoisha, jina la Michael Jordan lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Kazi ile ilikuwa rahisi kueleweka: vijana wametawanyika nchi nzima, makocha hawawezi kuwafikia, basi wakusanyeni mahali pamoja.

Leo mashirika ya viatu yameshika ngazi ya juu. Nike ina ligi yake ya EYBL tangu 2010, yenye kilele chake cha Peach Jam huko North Augusta, na Adidas na Under Armour wana zao. Wanaocheza huko wanajulikana tayari. Ninazozijadili hapa ni ligi za chini yao, za mji au jimbo, zinazoendeshwa na kocha mstaafu, kanisa, au mfanyabiashara aliyekodi ukumbi wenye viwanja sita.

Ligi ya namna hiyo ikiendeshwa vizuri inatoa kitu kimoja ambacho video haiwezi kukitoa, nacho ni kipimo. Kijana anayefunga pointi 25 kila mechi katika wilaya dhaifu hajui pointi hizo zina thamani gani. Kocha wa chuo hajui pia. Mpambanishe na beki mwenye kimo chake na kasi yake, jibu litapatikana ndani ya robo mbili. Video nayo huonyesha mipira iliyoingia. Haimwonyeshi kijana akitolewa nje: anakaa vipi benchi, anamsikiliza kocha au anatazama jukwaani, mwenzake akifunga ananyanyuka au hanyanyuki. Kocha wa chuo kidogo asiye na bajeti ya kusafiri huyaona haya yote kwa siku mbili chini ya paa moja. Huo ni msaada wa kweli.

Upande wa pili unaanzia kwenye pesa. Timu inalipa ada ya kuingia. Wazazi wanalipa mlangoni kumtazama mtoto wao wenyewe. Mashindano mengi huilazimisha timu inayotoka mbali kulala katika hoteli zilizopangwa na mwandaaji. Makocha wa vyuo nao huuziwa orodha ya wachezaji. Sioni ubaya wa mtu kupata riziki kwa kazi hii, kwani ukumbi, marefa, bima na mhudumu wa majeruhi vinagharimu. Tatizo ni kwamba mapato yanapanda kwa idadi ya timu zilizosajiliwa. Hayapandi hata senti kwa kijana aliyepata chuo. Mtu anayelipwa hivyo ana kila sababu ya kumwambia kila mzazi kwamba mwanawe ana nafasi.

Na nafasi zenyewe ni chache. Wavulana zaidi ya laki tano hucheza kikapu katika sekondari za Marekani. Kwa hesabu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, takriban mmoja katika kila mia ndiye anayefika Divisheni ya Kwanza, daraja la juu kabisa, yenye vyuo vipatavyo 360. Hali imezidi kubana miaka ya karibuni. Mwaka 2018 ulifunguliwa mfumo wa mtandaoni ambao mchezaji wa chuo hujiandikisha anapotaka kuhama. Mwaka 2021 wachezaji wa kikapu waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa msimu mzima nje, na Julai ya mwaka huohuo wakaanza kuruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Ukiongeza mwaka wa ziada waliopewa kwa ajili ya korona, kocha mwenye nafasi tatu akawa na kundi kubwa la watu wazima wa kuchagua. Kwa nini asubiri mtoto wa miaka 18 akomae, wakati anaweza kumchukua mtu wa miaka 22 ambaye tayari amecheza mechi 90 za chuo?

Hapa ndipo nafikiri waandaaji wengi hawajabadilika na wakati. Wanauza kuonekana, na kuonekana siku hizi ni rahisi. Kila mchezo unarekodiwa, kila kijana ana video. Kilicho adimu ni nafasi, na kingine kilicho adimu zaidi ni mtu wa kukwambia ukweli kuhusu daraja lako. Chini ya Divisheni ya Kwanza ipo ya Pili, inayotoa ufadhili, mara nyingi wa sehemu. Ipo ya Tatu, isiyotoa ufadhili wa michezo kabisa lakini ina vyuo vyenye misaada mizuri kwa mwanafunzi mwenye alama au mwenye uhitaji. Kuna vyuo vya NAIA, chama kingine kilicho nje ya NCAA, kuna vyuo vya miaka miwili. Kijana aliyeambiwa Juni kwamba yeye ni wa Divisheni ya Pili ana mwaka mzima wa kujipanga. Aliyedanganywa hadi Aprili ya mwaka wa mwisho hana kitu.

Kwa hiyo tangazo likisema makocha wa Divisheni ya Kwanza watakuwepo, kuna jambo la kuangalia kabla ya kulipa. Makocha hao hawaruhusiwi kwenda popote watakapo. Julai wana siku chache tu za kutazama wachezaji, na mashindano yasiyo ya shule lazima yawe yameidhinishwa na NCAA. Kanuni zilikazwa baada ya FBI kuwakamata watu kumi mwezi Septemba 2017, wakiwemo makocha wasaidizi wa vyuo na mtu wa Adidas, kwa rushwa katika usajili. Tume ya NCAA iliyoongozwa na Condoleezza Rice, waziri wa zamani wa mambo ya nje, ikatoa mapendekezo Aprili 2018, na kuanzia 2019 Juni ikapewa mashindano ya timu za shule. Ligi ambayo haina kibali, au inayochezwa nje ya tarehe hizo, haiwezi kuwa na kocha hata mmoja wa daraja hilo akitazama kando ya ukuta, hata tangazo liseme nini.

Jingine ni karatasi, na hili huwauma watoto wetu kuliko wengine. Divisheni ya Kwanza inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa 2.3, na muda wa kuyamaliza huanza kuhesabiwa mtoto anapoingia darasa la tisa, popote alipo duniani. Mtoto aliyeanza sekondari kambini, akahamishwa katikati, akarudishwa darasa kwa sababu ya Kiingereza, anaweza kufika mwaka wa mwisho akiwa na mchezo wa kutosha na masomo pungufu. Hakuna mechi itakayolirekebisha hilo. Ligi inayoweka meza moja ya mshauri wa masomo kando ya kiwanja, akapitia ripoti za shule za vijana wa mwaka wa pili wangali na muda, imefanya kazi kubwa kuliko kumwalika kocha maarufu. Na aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi ajue mapema kwamba zile pesa za majina na sura hazimhusu kirahisi. Tshiebwe mwenyewe, akiwa nyota wa Chuo Kikuu cha Kentucky, alipata sehemu ya pesa zake kwa kazi alizozifanya Bahamas timu ilipozuru huko mwaka 2022, kwa sababu viza yake haikumruhusu kuzifanyia Marekani.

Ndani ya kiwanja kuna mambo madogo yanayotofautisha ligi na gulio. Kijana akijua kuna kocha ukutani, mkono wake husahau pasi. Mwaka 2015 Kobe Bryant alizilaumu hadharani timu za kiangazi za Marekani kwa kutowafundisha watoto kucheza, na ukikaa saa moja kwenye kumbi hizi utaelewa alichokiona. Dawa ipo: kila mchezaji apewe dakika za uhakika katika kila kipindi, timu zifanye mazoezi pamoja angalau mara mbili kabla ya mechi ya kwanza, na kuwe na saa ya sekunde 30, inayoilazimisha timu kurusha mpira kikapuni kabla hazijaisha, kama katika mechi za wanaume vyuoni. Majimbo mengi yalichezesha sekondari bila saa hiyo kwa miaka mingi, na kocha wa chuo anataka kujua kijana anaamua nini zikibaki sekunde sita. Saa hiyo ni bei nafuu kuliko fulana zenye majina.

Kwa yote hayo siungi mkono wanaotaka ligi hizi zifungwe. Mtoto wa mkimbizi katika shule isiyo na kocha wa kudumu hana mahali pengine pa kupimwa, na ukimfungia mlango huo atakayebaki anaonekana ni mwenye wazazi wa kumlipia mkufunzi binafsi. Lakini pingamizi moja bado linanisumbua. Mwandaaji akiwaambia wazazi ukweli kuhusu daraja la watoto wao, wengi hawatarudi mwakani. Watahamia kwa jirani anayeahidi makubwa zaidi, na ligi ya kweli itakufa kwa kukosa ada. Njia ninayoiona ni kwamba ukweli usitegemee ada ya mzazi: ukumbi utolewe na halmashauri ya mji au kanisa, marefa walipwe na biashara za mtaani, na anayeandika tathmini ya kila kijana awe kocha asiye na timu ndani ya ligi. Baada ya hapo mwandaaji atangaze kila mwaka orodha moja: vijana wangapi walimaliza sekondari akiwa nao, na wangapi Septemba hiyo walikaa darasani chuoni, wa daraja lolote lile.