Giaboksi Isishushwe Kabla Waya Haujapimwa

Nilikuwa natoka Gairo, nimeshaipita Kibaigwa na malori yake ya mahindi, taa ya D, ile ya gia ya kwenda mbele, ilipoanza kupepesa kwenye dashibodi. Gia zikawa zinaingia kwa kishindo. Nilijikongoja hadi Dodoma mjini, na fundi wa kwanza niliyemwona hakumaliza hata dakika tano: "Bosi, giaboksi hiyo imekwenda. Tafuta iliyotumika, kesho tunashusha."

Maneno hayo yanasemwa kirahisi mno mjini kwetu. Giaboksi hufa kweli, sibishi. Lakini huyu hakuwa amevuta hata dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili.

Fundi wa pili alikuwa na mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Ikasoma P0847: sakiti ya swichi B ya presha ya oili ya giaboksi ina volti ndogo kuliko inavyotakiwa. Swichi yenyewe ni kidude kidogo kinachoijulisha kompyuta kwamba presha ya oili imefika kwenye klachi. Basi nikanunua swichi mpya. Ndiyo, mimi niliyekuwa nikiwacheka wanaonunua spea kwa kubahatisha. Taa ikafutwa, ikawaka tena kabla sijafika Ihumwa.

Mashine haikudanganya. Ilisema sakiti, sisi tukasikia swichi. Sakiti ni swichi, soketi, na waya wote mpaka kwenye kompyuta.

Aliyeitatua ni kijana mmoja wa Chang'ombe, fundi umeme wa magari, mwenye mita ya umeme ya kawaida tu. Alianza na oili: kiwango sawa, rangi nyekundu, haina harufu ya kuungua. Akachomoa soketi ya swichi, akafungua ufunguo bila kuwasha injini, akapima waya wa soketi dhidi ya bodi ya chuma ya gari. Kwa gari langu zilitakiwa volti kama 5. Mita ikasoma 0. Hapo swichi ilikuwa pembeni kabisa, haihusiki tena. Na kama waya ungekuwa umekatika tu, kompyuta ingeona volti kubwa na kutoa P0848. Volti kuwa ndogo maana yake waya unagusa bodi mahali fulani. Akaufuata kwa vidole, taratibu, mpaka kwenye kibanio cha chuma kilichokuwa kimeuchuna ganda, vumbi la Dodoma limejaa juu yake usingeona kitu kwa macho.

Alitumia karibu saa nzima. Aliponitajia bei, ulimi ukanitangulia: "Kupima tu, pesa yote hiyo?" Naona aibu kuliandika. Mafundi hawajajizoesha kushusha giaboksi bila kupima kwa ujinga wao peke yao; sisi wateja ndio tunaolipa jasho na kugomea akili. Akilala chini ya gari siku mbili, akatoka kachafuka oili mpaka kwenye nywele, tunahesabu noti bila kuhema. Akichuchumaa na mita, tunahisi tumeibiwa.

Nilimlipa alichosema. Kisha akaniomba ile swichi ya zamani, akaweka mita: bila presha, hakuna mawasiliano. Akaipuliza kwa upepo wa kompresa, mita ikalia. Nzima kabisa. Sasa ninazo mbili.