Mkungu Ulioivia Ukumbini

Sendofu ya binti wa Tukuyu, ukumbi Mbeya mjini, mwezi wa saba. Familia ilitaka mkungu wa ndizi wa chokoleti, mgomba wake pembeni. Mwezi wa saba Mbeya ni friji ya bure, nikakubali bila kupepesa macho.

Mgomba tuliumimina ndani ya bomba la plastiki la inchi 4 lililopasuliwa katikati, kila nusu peke yake, unene sentimita 1. Ukilijaza bomba zima, la sentimita 70, unazika kama kilo 7, na katikati hukaa na joto muda mrefu hadi chokoleti itoke na mabaka meupe kama miguu iliyokosa mafuta. Nusu mbili ukizigusisha kwenye trei yenye uvuguvugu kisha ukazibana, zinashikana.

Bakuli la kwanza la kuyeyushia chokoleti liliharibiwa na mvuke wa sufuria ya chini. Matone machache tu, sukari ikanata, kilo 2 zikawa ugali wa juzi. La pili nililisimamia na kipimajoto: nyuzi 45 iyeyuke yote, shusha hadi 27 huku unakoroga, pandisha 31. Ikiganda vizuri, ukiivunja inalia ta!

Ndizi tulifinyanga kwa mkono: kilo 1 ya chokoleti nyeusi, gramu 350 za glukosi ya maji, donge likalala usiku kucha. (Kakao inalimwa Kyela, hapo bondeni tu, chokoleti yenyewe tumeagiza Dar. Basi.)

Saa moja jioni kila kitu kimesimama, nikaenda kula. Kurudi, ndizi zinang'aa. Nikadhani ni taa. Kichana cha chini kikainama taratibu, kama mzee anayetafuta ndala.

Nikafunua kitambaa cha meza: jiko la mkaa, limekolea.

"Shangazi, nani kaweka jiko huku?"

"Mimi, mwanangu. Binti angeganda pale mbele."

Chokoleti haihitaji hata nyuzi 34 kulegea. Kichana kikadondoka kwenye sinia la wali, pwaa.

Bibi mmoja akajisogeza, akainama kuchungulia jiko, akacheka.

"Kumbe mmezivundika! Ndiyo maana zimeiva haraka."

Akachuma moja, akamenya kwa mazoea, ikabaki vidoleni. Akalamba. Uso ukakunjamana.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Ila mlizikata changa. Bado chungu."